Kadi ya Mama Iwe Mkobani Mwake

Wengi wetu tukishuka boti Dar es Salaam huendelea na safari hadi Kigamboni kwa ndugu. Pale kivukoni Magogoni siku hizi geti hufunguliwa kwa N-Card: unaweka salio, unaigusisha kwenye mashine, nauli inakatwa, unapita. Ndiyo kadi hiyo hiyo ya kuingilia Uwanja wa Benjamin Mkapa, Temeke.

Utaratibu tunaupenda. Habari ya kutafuta chenji imepungua, na hesabu ya nauli inaonekana.

Lakini tuangalie majumbani mwetu: kadi iko kwa nani? Mara nyingi kwa baba na vijana wa mpira. Mama husubiri kuazimwa, au humwomba asiyemjua pale getini ampitishe. Mtu mzima, nauli anayo mkononi, hapiti mpaka ahurumiwe. Hiyo si heshima.

Maoni yetu: kabla ya kumnunulia mama khanga nyingine, tumchukulie kadi yake, tumwekee salio, tumfundishe kuangalia lililobaki. Na wenye mageti waweke mhudumu wa kumsaidia asiye na kadi. Mlango wa umma usimfanye mzazi wetu ombaomba.