Moto wa kiangazi: tusome ramani kabla ya kulaumu

Kila kiangazi, kati ya Juni na Septemba, nyika za Moso, kingo za mto Ruvubu na mapori ya Kigoma ng'ambo ya mpaka hufuka moshi. Moto ukifika kwenye mihogo ya watu, ni rahisi kumnyooshea kidole aliyerudi juzi kutoka makambini anayefyeka shamba lake upya, au mchuuzi avukaye mpaka na magunia ya mkaa.

Penye moshi hapakosi moto, lakini moshi hautaji aliyeuwasha. Siku hizi, hata hivyo, yupo shahidi asiye na upande: setelaiti.

Setelaiti ya Marekani iitwayo Terra ilirushwa Desemba 1999, na ya pili, Aqua, Mei 2002. Zote zilibeba mtambo unaotambua joto la moto na weusi wa majani yaliyoungua. Kumbukumbu yake ina zaidi ya miaka ishirini, nayo inaonyesha kuwa nyika za pande hizi ziliungua pia miaka ile ambayo ndugu zetu wengi walikuwa bado ukimbizini.

Si hayo tu. Mwaka 2017 watafiti waliandika katika jarida la Science kwamba eneo linaloungua duniani lilipungua kwa karibu robo kati ya 1998 na 2015, hasa kwenye nyika. Sababu kuu waliyoitaja ni kupanuka kwa kilimo. Mashamba na barabara hukata nyika vipande vipande, moto ukakosa njia. Na mwenye mazao huyalinda. Basi mkulima anayefungua shamba si lazima awe adui wa nyika.

Lakini tusibweteke. Ramani hizo hupima ardhi kwa vipande vya mita 500, na moto mdogo wa shambani huzipita. Watafiti waliotumia setelaiti za Ulaya zenye jicho kali zaidi walikuta kuwa mwaka 2016 Afrika kusini mwa Sahara iliungua kilomita za mraba milioni 4.9 hivi, yaani asilimia 80 zaidi ya zile za ramani ya zamani. Mioto midogo ndiyo iliyo karibu na nyumba zetu.

Kwa hiyo tunaziomba serikali za pande zote mbili mambo mawili. Kwanza, NASA hutoa habari za moto bure kwenye intaneti, ndani ya saa tatu hivi tangu setelaiti ipite. Zisiishie ofisini mjini; zifike kwa mkuu wa kilima na kwa jirani zetu wa Tanzania, kwani moto hauombi kibali cha kuvuka. Pili, mtu asitozwe faini kwa uvumi. Setelaiti huonyesha mahali na saa, haionyeshi jina. Ramani ilinganishwe kwanza na maneno ya mashahidi.

Nanyi wasomaji wetu, anayelazimika kuchoma mabua afyeke ukanda kuzunguka shamba, asubiri upepo utulie, awaarifu majirani. Mihogo ikishaungua, hakuna ramani itakayoirudisha.