Sala ya Kulazimishwa Mstarini

Nikiwa darasa la tano, kengele ya asubuhi ilipogongwa tulikimbilia mstarini, wafupi mbele, warefu nyuma. Mwalimu wa zamu alisimama kwenye ngazi za ofisi, kiranja akaanzisha, nasi tukaitikia Mungu Ibariki Afrika kwa sauti zilizojaa usingizi. Mbele yangu alisimama mvulana mmoja aliyenyoosha mikono, akatazama bendera na kufunga mdomo. Siku mwalimu alipomgundua, alimtoa mbele na kumwamuru aimbe peke yake. Hakuimba. Alichapwa sote tukiona, kisha akapewa fyekeo akafyeke majani nyuma ya vyoo. Tulichojua ni kwamba “ana dini yake”. Hakuna mwalimu aliyetueleza zaidi, nasi hatukuuliza.

Mvulana yule hunijia kila ninaposikia mjadala wa dini shuleni. Kwa kawaida tunabishana kuhusu hijabu, ruhusa ya sala ya Ijumaa au mapambio ya mwalimu mlokole. Mara chache tunagusa jambo lililo karibu nasi zaidi, kwamba wimbo wa taifa wenyewe ni sala. Aliyetunga asili yake mwaka 1897 ni Enoch Sontonga, mwalimu wa shule ya misheni ya Wamethodisti huko Afrika Kusini. Ulikuwa maombi kabla ya kuwa wimbo wa nchi yoyote. Tanganyika ilipopata uhuru mwaka 1961 iliuimba kwa Kiswahili, na wimbo wa taifa wa Kenya nao huanza kwa kumwita Mungu.

Sioni kosa katika hilo. Neno Mungu si mali ya kanisa wala msikiti. Lilikuwa vinywani mwa wazee wetu kabla ya vyote viwili kufika bara, na leo sheikh na padri wanalitumia bila kugombania. Tanzania, nchi ambayo Katiba yake inasema haifungamani na dini yoyote, huku raia wake wengi wakiwa waumini, imepata katika neno hilo mahali pa kukutana.

Ila sala ina masharti yake. Muislamu hufundishwa kwamba ibada hutangulizwa nia. Mkristo hufundishwa kwamba Mungu huutazama moyo. Kwa mafundisho hayo, sala inayotolewa kwa kuogopa fimbo haimfikii anayeombwa. Inaishia kwa mwalimu wa zamu.

Swali la kumlazimisha mtoto aimbe limefika hadi Mahakama ya Rufani ya Tanzania. Wanafunzi 127 wa madhehebu ya Mashahidi wa Yehova waliadhibiwa kwa kukataa kuimba wimbo wa taifa: watano walifukuzwa shule na 122 wakasimamishwa masomo. Mahakama Kuu iliwakatalia, lakini Julai 2013 Mahakama ya Rufani iliwapa haki. Huko India, Mahakama ya Juu ya nchi hiyo ilifikia uamuzi kama huo mwaka 1986, katika kesi ya ndugu watatu wa jimbo la Kerala. Watoto hao walisimama kwa heshima wenzao walipoimba, ila wao hawakufungua midomo. Mahakama iliona kwamba kusimama kimya si dharau, na kwamba uhuru wa kusema una ndani yake uhuru wa kunyamaza.

Wapo wanaopinga, na hoja yao ina uzito. Taifa lenye makabila zaidi ya 120 halikuunganishwa kwa bahati. Liliunganishwa na lugha moja, shule na wimbo ulioimbwa mstarini na mtoto wa Mmakonde kando ya mtoto wa Msukuma. Wanauliza: leo tukimruhusu huyu anyamaze, kesho mwingine akisema dini yake inamkataza kusoma baiolojia tutamwambia nini?

Jibu liko katika kutenganisha mambo. Kusoma baiolojia ni kujifunza. Mwanafunzi hujibu swali la mtihani bila kulazimika kuamini jibu. Kuimba sala ni kukiri kwa mdomo wako mwenyewe. Shule ina mamlaka juu ya masomo, utaratibu na heshima, kwa hiyo ina haki ya kumdai mtoto asimame wima na asiwavuruge wenzake. Haina mamlaka juu ya ukiri wake. Na umoja uliojengwa kwa miaka yote hii hautabomoka kwa sababu watoto wawili katika mstari wa mia tano wamenyamaza.

Kipimo hichohicho kimguse mwalimu. Mwanafunzi anayemsimulia mwenzake mapumzikoni habari za imani yake anatumia uhuru wake, na mwenzake anaweza kuondoka. Mwalimu anayegeuza kipindi cha hisabati kuwa mahubiri anazungumza na watoto wasioweza kuondoka, akiwa na chaki mkononi na alama zao mfukoni. Ndiyo maana utaratibu wa kipindi cha dini ni wa busara: ustadhi anachukua wake, katekista anachukua wake, kila mmoja anafundisha kwa uwazi waliokuja kumsikiliza. Tatizo huanza pale kipindi hicho kinapovuka mipaka yake, au mtoto asiye na ustadhi wala katekista anapoambiwa aingie popote ilimradi asizurure.

Hukumu ya mahakama hupita mbali na mstari wa asubuhi, kwa sababu anayeamua pale ni mwalimu wa zamu, na hana muda wa kusoma majalada. Afundishwe chuoni la kufanya: amwite mtoto ofisini, amsikilize, azungumze na wazazi, na wenzake darasani waelezwe kwa nini amenyamaza. Hilo la mwisho ndilo tulilolikosa sisi, tukabaki kumwona mwenzetu kama mhalifu.

Nikikumbuka asubuhi ile, wengi tuliokuwa tukiimba tulikuwa tunafinyana na kusukumana. Yeye peke yake ndiye aliyeyapa maneno yale uzito, kiasi cha kukataa kuyatamka bila kuyaamini. Heshima aliyochapwa ili aitoe alikuwa ameshaitoa, amesimama wima mbele ya bendera.