Ukurasa Ukichelewa, Mauzo Yanapotea

Wenye biashara wanaopokea malipo kwa simu hutuuliza watangaze wapi ili wauze zaidi mtandaoni. Maoni yetu ni haya: kabla hujalipia tangazo, hakikisha duka lako la mtandaoni linafunguka haraka. Wahenga walisema biashara haigombi. Mteja wa mtandaoni naye hagombi. Akiona ukurasa unazunguka tu huku bando lake likiisha, anaufunga na kwenda kwa jirani yako, na hata hutajua kwamba alipita.

Angalia mambo mawili.

Kwanza, diski ya seva, yaani ile kompyuta inayohifadhi tovuti yako. Diski za zamani zina visahani vinavyozunguka, nyingi mara 7,200 kwa dakika, na mkono unaosogea kutafuta data. Wateja wawili hawana neno. Wakija mia mbili kwa pamoja siku ya ofa, maombi yanapanga foleni. Diski ya SSD haina kitu kinachozunguka. Huhifadhi data kwenye chipu, kama simu yako, na huipata kwa sehemu ndogo ya milisekunde moja.

Pili, kache. Bila kache, kila mtu akifungua ukurasa wa viatu, mara nyingi seva huuunda upya: inatafuta bei, maelezo, picha, halafu inaunganisha. Ni kama kukanda unga upya kwa kila anayeagiza chapati. Kache ni hotipoti: ukurasa umeshapikwa, unapakua tu. Ila ukibadilisha bei, futa kache, la sivyo mteja ataona bei ya jana.

Hapa ndipo tunapotaka uwe mwangalifu. Kurasa za kikapu, malipo na akaunti ya mteja zisiingie kwenye kache hiyo ya wote. Zikiingia, mteja mmoja anaweza kuona jina na oda ya mwingine. Na kwa kuwa kurasa hizo lazima ziundwe upya kila mara, ndizo zinazohitaji diski yenye kasi kuliko zote. Mteja ameshaweka PIN, SMS ya malipo imeingia, lakini ukurasa bado unasema "subiri". Anabonyeza tena, analipa mara mbili. Sasa unarudisha pesa na kuomba msamaha, wakati ungekuwa unafunga mzigo.

Kwa hivyo, uliza kampuni inayokuhifadhia tovuti maswali matatu: Je, hifadhidata yangu iko kwenye SSD? Kache imewashwa? Kurasa za malipo zimeondolewa kwenye kache? Wakishindwa kukujibu waziwazi, tafuta wengine. Nawe upande wako punguza picha nzito. Picha ya megabaiti tano itaendelea kumaliza bando la mteja hata seva iwe ya kasi namna gani.

Na wewe unayenunua, ukurasa ukikwama baada ya kulipa, usikimbilie kulipa tena. Angalia SMS na salio lako kwanza. Kama pesa zimetoka, mpe muuzaji namba ya muamala tu. PIN yako usimpe mtu yeyote.