Kukamata tena picha si kuiba

Siye wa Mitwaba tunaoishi Lubumbashi tunasikia watu wanasema: Sammy Baloji hakuumba kitu, alikamata tu foto za wazungu. Tunakataa! Mwaka 2006, katika "Mémoire", alitoa wafanyakazi katika foto za zamani za wakoloni, akawasimamisha mbele ya viwanda vya Gécamines vilivyokufa. Wale ni bankambo yetu. Nani basi aliwakamata wa kwanza? Tena Tshibumba na wachoraji wenzake walirudilia mara nyingi "Colonie belge", ile ya mfungwa anayepigwa fimbo. Watu waliinunua, wakaitundika nyumbani, bila kuwaita wezi. Walimu wenzetu, tuonyeshe watoto foto hizi, tuwaulize: huyu alitoka kijiji gani, alilipwa nini?