Kisigino Kinachouma Alfajiri



Mama ainukapo kwa swala ya Alfajiri, hatua ya kwanza humchoma kisiginoni kama mwiba. Akitembea kidogo maumivu hupoa; akikaa kitako kisha akainuka, hurudi. Wengine nyumbani huanza kunong'ona kuwa amekanyaga kitu alichotegewa.

Twasema: huu si uchawi. Chini ya unyayo mna ukano mpana utokao kwenye mfupa wa kisigino hadi kwenye vidole, nao ndio unaoshika upinde wa mguu. Ukichoshwa mno, huumia pale ulipojishikiza na kisigino. Usiku hujikaza, hatua ya kwanza huuvuta ghafla.

Tuwatazame dada zetu walioolewa bara, kule Kachibora, Trans Nzoia. Msimu wa kuvuna mahindi, mwishoni mwa mwaka, mwanamke husimama kutwa akipukuchua, akianika na kupepeta, miguuni ana ndara zilizolika. Jioni husimama tena jikoni. Mpika mahamri wa Mombasa naye hali yake ni hiyo hiyo. Uzito wa mwili na ujauzito huzidisha mzigo.

Tiba yake yataka subira. Kabla hajashuka kitandani, avute vidole vya mguu kuelekea kwenye muundi, ahesabu hadi kumi, arudie mara kumi. Kisha auegemee ukuta, mguu unaouma ukiwa nyuma, goti limenyooka na kisigino kimekanyaga sakafu, hadi ahisi shavu la mguu likivutika. Avae viatu vyenye soli nene hata ndani ya nyumba. Jioni aviringishe unyayo juu ya chupa ya maji baridi. Wengi hupona bila kupasuliwa, ingawa huchukua miezi.

Asichanjwe wala asichomwe na mganga. Mguu ukivimba, ukiwa mwekundu au ukifa ganzi, amwone daktari. Na mwenye kisukari asingoje hata dalili hizo.

Asiyeweza kusimama katika swala huswali ameketi; ndivyo Mtume (s.a.w.) alivyomwelekeza Imran bin Huswain alipokuwa mgonjwa. Ikiwa mama amepewa ruhusa ya kuketi mbele ya Mola wake, sisi waume na watoto tuna hoja gani ya kumsimamisha jikoni kutwa? Tumpokee mwiko na ndoo, naye apumzishe miguu.

Allah awape shifaa wagonjwa wetu. Aamin.