Kubadilisha kifyatulio cha Remington 700
Kifyatulio cha Remington 700, bunduki ya kuwindia ya Kimarekani iliyotoka mwaka 1962, hushikiliwa na pini mbili tu, ndiyo maana wengi huthubutu kukibadilisha nyumbani. Kwanza risasi hutolewa zote, chemba ikakaguliwa kwa jicho na kwa kidole, kisha bolti ikachomolewa. Skrubu za chini zikifunguliwa, chuma hutoka kwenye kitako. Pini hugongwa taratibu zitoke. Moja hushika pia kizuizi cha bolti na springi yake ndogo, ambayo ikiruka haionekani tena mpaka siku ya kufagia. Kifyatulio kipya hupachikwa palepale.

Kosa kubwa ni kupenda kifyatulio chepesi mno. Kwa mawindo, uzito wa kuvuta wa ratili 3, yaani kilo 1.4 hivi, unatosha kabisa. Kabla ya kurudisha risasi, bunduki tupu hukokiwa, kitako kikagongwa kwa nyundo ya mpira. Kisha sefti hufungwa, kifyatulio kikavutwa na kuachiwa, sefti ikafunguliwa. Ikilia “ka!” hata mara moja, ipelekwe kwa fundi. Mwaka 2014 Remington yenyewe ilirudisha kiwandani vifyatulio vyake vya X-Mark Pro: gundi iliyozidi ingeweza kuifyatua bunduki bila kidole.