Bendi si yako? Kata rufaa!

Ndugu yangu wa Majengo, dada yangu wa Kayole, usikate tamaa kabla ya kukata rufaa.

Tangu 2023, pesa za chuo kikuu zinagawanywa kwa kuangalia kipato cha nyumbani. Kwenye mpango wa bendi tano, Bendi ya 1 ni nyumba isiyopata zaidi ya shilingi 5,995 kwa mwezi. Bendi ya 5 ni inayopita 120,000. Huyu wa kwanza familia inalipa asilimia 5 ya gharama ya kozi, yule wa mwisho asilimia 40. Piga hesabu: kozi ikiwa 200,000, mmoja anatafuta 10,000, mwenzake 80,000. Hapo ndipo mtu anaacha chuo.

Sasa mama anayeuza mahamri barabarani, kipato chake cha mwezi ni kipi? Mvua ikinyesha, siku imeenda. Fomu haijui hayo. Wewe ndiwe wa kuyasema.

Desemba 2024 Mahakama Kuu ilisema mpango huu unakiuka Katiba. Baadaye Mahakama ya Rufaa ikasimamisha uamuzi huo. Kwa hivyo usingoje majaji.

Kusanya karatasi: barua ya chifu, cheti cha kifo kama mzazi hayuko, bili za hospitali, karo za wadogo zako. Andika ukweli mtupu, maana anayedanganya anamnyang'anya yatima.

Kudai haki si kuomba sadaka. Mtumie mwenzako aliyemaliza kidato cha nne.